Kuhani Juu ya Lami

Basi letu liliingia Raudvilis saa nne asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Kitu cha kwanza nilichokiona katika mji huo nisioujua kilikuwa bango la duka kubwa, lina picha ya kuku wa kukaanga. Cha pili kilikuwa mnara wa kanisa. Sinagogi sikuiona, kwa sababu haipo. Nimezunguka nchi hizi miaka ishirini na nne, lugha zake nazungumza sita, mbili kati yake vibaya, na mpaka leo nikifika mji mpya naanza kwa kutafuta kisichokuwepo. Ni ugonjwa wa watu wetu. Wenzetu wakifika mahali huuliza chakula kiko wapi.

Safari hii nilikuwa mkalimani. Walikuwa vijana kumi na watano kutoka Leeds, Wayahudi wote, wanaume kumi na wanawake watano, katika kile wanachokiita safari ya mizizi: siku nane za makaburi, misitu, vituo vya treni, na machozi kwa ratiba. Nasema kwa ratiba kwa sababu ratiba ilikuwa imechapishwa. Jumanne, saa tano: makaburi ya Raudvilis. Saa sita na nusu: chakula cha mchana na kutafakari. Kila mmoja alipewa koti la bluu lenye neno mgongoni, "Tumerudi". Lilinikera neno lile tangu Vilnius, mji tulioanzia safari. Hawakuwa wamerudi. Walikuwa wanapita, kama mimi.

Kiti cha mbele yangu alikaa Asher Kagan, na habari hii ni yake.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Wenzake walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, au wametoka chuoni majuzi. Yeye alikuwa fundi. Alimwaga lami na kutandaza mawe ya njia mbele ya nyumba za watu, na mikono yake ilikuwa na weusi kwenye mistari ya viganja usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa mpole, mlaji mzuri, mwenye kucheka kabla ya kumaliza kichekesho chake mwenyewe. Na alikuwa kuhani. Simaanishi mtu wa kanisa mwenye joho. Namaanisha mwana wa Haruni, baba kwa mtoto, tangu enzi ya hekalu. Kazi hiyo leo imebaki na mambo machache tu. Moja ni kwamba kuhani haingii makaburini, ila kwa kumzika baba, mama, mke, mtoto au ndugu yake wa damu. Jingine ni kwamba siku za sikukuu hupanda jukwaani ndani ya sinagogi, bila viatu, shuka la sala kichwani, akainua mikono na kuwabariki watu.

Baba yake, Hirsh Kagan, alikuwa tarishi wa posta. Watu wa mtaa wao walijua kwamba ukimwona Kagan amesimama nje ya uzio wa makaburi na mwavuli, ndani kuna maziko. Alimzika hivyo hivyo rafiki yake waliyejuana miaka arobaini: yeye nje, rafiki ndani. Hirsh mwenyewe alikufa mwaka jana, baada tu ya Pasaka. Asher aliingia kumzika, akatoka, na hajaingia makaburini tena. Kwa desturi yetu aliyefiwa na baba hapandi kubariki mpaka mwaka wa matanga uishe. Mwaka ulikuwa umekwisha mwezi ule ule wa safari. Wiki iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Majuma, na sinagogi yao ndogo ilikuwa imebakiwa na kuhani mmoja tu, huyu aliyekuwa mbele yangu akimenya yai. Angepanda peke yake, kwa mara ya kwanza, mahali pa baba yake. Siku tano za safari alikuwa amenitajia jambo hilo mara tatu, kila mara kana kwamba limemponyoka.

"Kuhani Mkuu!" Tsipi alimwita kutoka nyuma. Tsipi alikuwa msichana mrefu, mwenye ulimi, anasomea meno. "Leo utasimama wapi? Chini ya mti au kwenye pipa la takataka?"

"Popote. Mkimaliza kulia mtanikuta na mikate."

"Jana uliula wa kwangu."

"Jana ulilia muda mrefu, dada. Mtu atangoja mpaka lini?"

Walicheka. Aliyecheka zaidi ni Natan Lobel, kiongozi wa kundi, aliyekuwa amekaa karibu na dereva na faili mapajani. Natan alisomea sheria na alizungumza kama mtu ambaye tayari amelipwa ili azungumze. Yeye na Asher walikuwa marafiki tangu wana miaka minne. Wazazi wa Natan walipoachana, Ijumaa jioni alikuwa akila kwa kina Kagan, na alikula huko miaka kumi na mmoja. Mzee Hirsh aliwawekea mikono vichwani wote wawili kabla ya kukata mkate, mwanawe kulia, Natan kushoto. Niliambiwa hayo na Natan mwenyewe, siku ya pili ya safari, na machozi yalimlengalenga. Kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba hakujua anachokifanya.

Makaburi ya Raudvilis yako pembeni mwa mji. Upande mmoja kuna mto, mwembamba, wa rangi ya chai. Upande wa pili kuna ukuta wa matofali ya saruji, kimo chake kinamfika mtu kifuani, na ng'ambo ya ukuta ni maegesho ya lile duka la kuku. Basi lilisimama barabarani. Mimi na Natan tulitangulia, maana palikuwa na mzee anatungoja na bahasha ya nailoni kwapani. Jina lake Bronius. Alikuwa mpima ardhi, amestaafu siku nyingi, na ndiye aliyekuwa amemwandikia Natan barua kuhusu mawe yaliyosalia.

Bronius hakusalimia sana. Alifungua ramani juu ya ukuta, akaweka kidole.

"Ukuta huu ni wa mwaka sitini na nne," alisema. "Makaburi hayaishii hapa. Yanaendelea mpaka kule kwenye vigari vya duka. Nilikuwa mwanafunzi wa upimaji. Mimi ndiye niliyeshika kamba."

"Na mawe?"

"Mawe yalichukuliwa kujengea. Watu walibaki."

Nilimtafsiria Natan neno kwa neno. Aliangalia ramani. Aliangalia maegesho, magari, mama mmoja anapakia maji ya chupa kwenye buti. Kisha akaangalia basi, ambako Asher alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Shangazi," aliniambia. Wote waliniita shangazi, Shangazi Gitel, kwa sababu ya mvi zangu. "Hilo la ukuta libaki hapa."

"Na Asher?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baadaye. Shangazi, sikiliza. Tuko wanaume kumi pamoja naye. Bila yeye, tisa."

Sikuhitaji kuelezwa. Kadishi, sala ya waliofiwa, haisemwi bila kumi. Asher alikuwa akihesabiwa kila siku namna hii hii: anasimama nje, uso wake unaonekana juu ya ukuta au katika nafasi ya lango, na sheria inaruhusu, anayeonekana uso yumo. Na makaburi ya Raudvilis hayakuwa ya kupita tu. Ndani ya ukuta ule lilikuwepo jiwe la Sheyna, mama wa bibi yake Natan, aliyekufa kwa homa ya uzazi mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane. Waliobaki katika ukoo ule, ukimtoa bibi, walimalizwa kwa risasi msituni miaka mitatu baadaye, wakati wa vita, bila jiwe. Sheyna ndiye pekee mwenye kaburi lenye jina. Bibi yake Natan alikuwa na miaka minne mama yake alipokufa. Sasa ana tisini na mmoja, yuko Leeds, amekaa na simu mapajani, anangoja kusikia Kadishi ya mama yake.

"Ni kweli nitamwambia," Natan alisema.

Nikanyamaza. Kazi ya mkalimani ni kusema. Mimi siku ile nilifanya kazi ya ukuta, na hasira nitakayoieleza hapa sehemu yake ni yangu juu yangu.

Wakaingia. Asher alikuja maegeshoni kwa hatua zake za taratibu, mfuko wa mikate begani, akachagua mahali, akaweka mikono juu ya ukuta. Uso wake ulionekana vizuri. Natan alisoma Kadishi mbele ya jiwe lililolala upande, simu imeinuliwa na Tsipi ili bibi asikie. Sauti ya Natan ilikatika mara mbili. Kila palipohitajika amina, amina iliyotoka juu ya ukuta ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote. Bibi alisikika analia, halafu akasema kitu kwa Kiyidi, lugha ya wazee wetu, ambacho hakuna kijana aliyekielewa. Mimi nilikielewa. Alisema, "Mama, wamekuja."

Sitamlaumu mtu kwa kutaka jambo hilo. Ninamlaumu kwa alivyolipata.

Walipokuwa wakipiga picha, nilitoka nikamkuta Asher amechutama katikati ya maegesho. Maji ya mvua yalikuwa yamejikusanya kwenye lami, na yeye alikuwa akiyachunguza kwa jicho la fundi aliyekutana na aibu ya fundi mwenzake.

"Tsipi, njoo uone kazi mbovu!" aliita. Tsipi alikuwa anatoka langoni, macho mekundu. "Nani huyu aliyemwaga lami hapa? Udongo hakuushindilia hata kidogo."

"Asher, nimetoka kumlilia mama wa bibi wa mtu. Nionee huruma na lami yako."

"Hapana, tazama. Lami ikititia ovyo ovyo, hayo ni maji. Ikititia kwa mstari mmoja mrefu, hapo palichimbwa, bomba au waya. Lakini hii..."

Hakumaliza. Nami nikaona anachokiona. Madimbwi hayakuwa ovyo. Kila moja lilikuwa na urefu wa kitanda na upana wa mabega. Yote yalilala upande mmoja, yanaelekea mashariki. Nafasi kati ya moja na jingine ilikuwa ile ile, safu nyuma ya safu, chini ya magari, mpaka kule kwenye vigari vya duka.

Asher aliinuka. Alikuwa ameinua mguu mmoja, haujui pa kukanyaga.

"Shangazi Gitel," alisema, polepole sana. "Muulize mzee yule, hapa chini pana nini."

"Ni makaburi," nikasema.

"Hujamuuliza."

"Nilimuuliza tulipofika."

Alinitazama kama mtu anayetazama ngazi iliyovunjika chini yake. Tsipi alikuwa wa kwanza kupata akili. "Panda mgongoni kwangu," alisema. "Haraka, nitakutoa."

"Haisaidii. Hata ukinibeba kichwani, ni juu yao tu."

Akakimbia. Hatua arobaini mpaka barabarani, mikono imebanwa mbavuni kama mtu anayepita katikati ya moto. Mama wa maji ya chupa alisimama kumtazama. Labda alidhani ni mwizi wa duka.

Natan alimkuta barabarani, pembeni mwa basi. Kundi zima lilikuwa linatoka langoni na makoti yao ya bluu.

"Sikiliza kwanza," Natan alisema.

"Ulijua?"

"Asher, nisikilize..."

"Ulijua au hukujua?"

"Nilijua. Leo hii, saa moja iliyopita. Na nilinyamaza kwa ajili yako. Wewe hukujua, kwa hiyo huna kosa. Tulisoma darasa moja, bwana, umesahau? Bora watu wakosee bila kujua kuliko wakosee kwa kusudi. Ndivyo walivyosema wenye hekima. Nimekukinga."

"Maliza."

"Nimalize nini?"

"Malizia fundisho. Lilisemwa juu ya nani? Juu ya mtu ambaye hata ukimwambia hasikii. Huyo ndiye unayemnyamazia. Mimi ndiye huyo? Miaka ishirini, Natan, neno gani uliniambia nisilisikie?"

"Ungekaa basini. Tungekuwa tisa."

"Kuna mto!" Asher alipiga kelele, na watu wawili waliokuwa wakipita na mbwa walivuka barabara. "Upande ule kuna mto! Ungeniambia, ningesimama mtoni! Maji yangenifika kiunoni, uso wangu mngeuona, na bibi yako ningemwitikia amina mpaka koo likauke. Hukuniuliza! Ulinihesabu tu, kama kiti!"

Natan hakuwa amefikiria mto. Nilimwona usoni. Hakuna anayefikiria mto anapoona ameshafika. Akashika neno lililokuwa karibu naye, kama mtu anayeokota jiwe.

"Na ni Mungu gani huyo," alisema, "anayehesabu hatua zako juu ya lami, naye msituni kule hakuhesabu mtu?"

"Usinitajie msitu. Msitu si wa ukoo wako peke yake."

"Basi nielewe! Nilitaka mara moja tu, mbele ya jina moja. Moja! Hata ningerudishwa pale ukutani asubuhi hii, ningefanya vile vile."

"Rudia."

"Ningefanya vile vile."

Kijana mmoja nyuma alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Yote haya kwa ajili ya lami?" Tsipi akamgeukia. "Sisi wanawake watano tumesimama makaburini siku tano nzima na hatujahesabiwa hata tarakimu," alisema. "Hatujapiga kelele. Basi na wewe unayehesabiwa, funga mdomo."

Asher akageuka. Alishuka mtaani, nami nikamfuata kwa mbali, mpaka mbele ya duka la mkate lenye bomba ukutani. Akafungua maji. Alinawa mikono, mara tatu mmoja, mara tatu mwingine, kwa kupokezana, namna tunavyonawa tukitoka makaburini. Hakujifuta. Kisha akampigia simu rabi wao wa Leeds. Mikono ilikuwa na maji, akaiweka simu kwenye meza ya nje na kufungua sauti, kwa hiyo nilisikia yote. Hakunifukuza. Nadhani alikwisha kuniona kuwa kitu kisichofaa kufukuzwa.

Alieleza kwa ufupi, kama anaelezea ajali ya kazini.

"Hukujua, mwanangu," rabi alisema. Alikuwa na sauti ya mzee aliyeamshwa usingizini. "Ulipojua ulitoka?"

"Nilikimbia."

"Basi huna neno. Wiki ijayo vua viatu, panda, utubariki. Baba yako angekuambia hivyo hivyo."

Nilitegemea uso wake ufunguke. Haukufunguka.

"Rabi, na kama kuna mtu humo ndani ninayemchukia?"

Nikasikia rabi anavuta kiti na kukaa.

"Unajua tunachosema kabla ya baraka," rabi alisema. "Ametuamuru kuwabariki watu wake kwa upendo. Kwa upendo, Asher. Kuhani mwenye chuki na anaowabariki hapandi. Wazee walisema ni hatari kwake mwenyewe."

"Ni mtu mmoja tu."

"Mmoja anatosha. Anakaa safu ya ngapi?"

"Ya tatu. Karibu na alipokuwa akikaa baba."

Rabi akapumua. Hapo akawa amemjua mtu mwenyewe. "Una siku nane," alisema. "Jaribu, mwanangu. Usinidanganye. Lakini jaribu."

Asher alikata simu na kucheka, kicheko kibaya. "Umesikia, Shangazi? Wafu wamenisamehe. Wenyewe hawana tatizo kabisa."

Nimeona hasira za watu wengi katika kuzunguka kwangu. Nyingi hutafuta kitu cha kuvunja, zikikipata zinalala. Hii ilikuwa imefungiwa mlango. Makaburi mia mbili yaliyofunikwa lami, na mji uliovuta kamba na kujenga ukuta, na duka linalouza kuku juu ya mama za watu: hayo yote yalikuwa hayawezi kumzuia kupanda mahali pa baba yake. Aliyeweza kumzuia ni mtoto aliyekula mezani kwao. Na sheria ile ile aliyoilinda maisha yake yote ilikuwa imemwambia kwamba anayo haki ya kuwa na hasira, ila hana haki ya kuinua mikono nayo. Ningekuwa yeye ningevunja meza ile ya duka la mkate. Yeye alinunua mkate, akashukuru, akauliza basi la Kaunas, kwenye uwanja wa ndege, linaondoka saa ngapi.

Saa tisa na nusu, walimwambia. Tsipi alimletea begi lake, akambusu shavuni, kisha akasema, "Nikirudi nitakung'oa jino bure," na akageuka haraka ili asionekane.

Tulikaa kituoni, mimi na yeye, kwenye benchi la chuma. Kulikuwa na abiria wengine sita.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza bila kunitazama.

"Niliogopa kuharibu kitu kisichokuwa changu."

"Na sasa?"

"Sasa kimeharibika, nami nilisaidia. Nisamehe."

Alifikiria. "Wewe nimekujua siku tano, Shangazi. Sikukuegemea. Mtu haanguki kwa ukuta asiouegemea." Hakusema amenisamehe, nami sikurudia kuomba.

Natan alikuja anakimbia basi likiwa limeshaingia. Koti alikuwa amelivua, shati limelowa jasho.

"Sitakuja sikukuu," alisema kabla hajafika. "Nimeshaamua. Nitakwenda Manchester kwa shangazi yangu. Wewe panda. Sinagogi nzima haina mwingine, Asher. Usiwanyime watu baraka kwa sababu yangu."

"Unadhani hasira yangu inakaa kwenye kiti chako? Ukihama kiti unaibeba?"

"Basi nifanye nini? Niombe radhi? Naomba radhi."

"Kwa lipi?"

Natan alifungua mdomo. Mtu mwingine angesema "kwa yote", na pengine yangeisha. Lakini mwanasheria yule, ajabu, alikwama kwenye ukweli. "Kwa kukuumiza," alisema.

"Siyo kwa kunyamaza."

"Bibi alilia, Asher. Amelia kwa furaha, na miaka yake tisini na mmoja. Ameniambia sasa anaweza kufa. Siwezi kusimama hapa nikuambie najuta."

"Sawa. Angalau hukunidanganya mara mbili."

"Asher. Baba yako..."

"Ukimtaja," Asher alisema kwa sauti ndogo kuliko zote alizotoa siku ile, "ukimtaja tu, nitakupiga, na mimi sijawahi kumpiga mtu, sijui nitakupigaje."

Natan akarudi nyuma hatua moja. Dereva alikuwa anapokea mabegi. Asher aliinua lake mwenyewe.

"Utafanya nini siku yenyewe?" nilimuuliza.

"Nitakwenda. Nitasali na watu. Ikikaribia baraka nitatoka nje nisimame mlangoni, ndivyo sheria ilivyo kwa asiyepanda. Baraka ataisoma kiongozi wa sala, kama dua tu, bila mikono."

"Na wakikuuliza?"

"Nitawaambia nina hasira. Tena nitawaambia ni halali yangu. Na mwaka huu watakosa, na mwakani wakikosa tena watakosa, mpaka nitakapoweza kumwona huyu bila kutamani lami ipasuke chini yake." Alimgeukia Natan kwa mara ya mwisho. "Njoo Leeds, usiende Manchester. Kaa safu yako ya tatu. Nataka uone nikitoka."

Akapanda. Dereva alimuuliza kitu kwa Kilithuania, naye akaitikia kwa kichwa bila kuelewa, akaenda kukaa upande wa pili wa basi, ule usiotazama kituo.

Mlango ulifungwa. Natan alisema, kama anajisemea, kwamba kesho saa mbili kundi linaondoka kwenda mji unaofuata, na ratiba imechelewa nusu saa. Nikamwambia atafute mkalimani mwingine. Mimi nabaki na Bronius na ramani yake, hadi niwe nimeandika majina yote ya upande wa lami yanayoweza kupatikana. Hakubisha. Basi lilirudi kinyumenyume, likajipanga, likashika barabara ya Kaunas, na sote wawili tukasimama tukiangalia upande usio na Asher mpaka likapinda.